Pedi kwa Mkono Usio na Gumba

Mume wangu ni fundi seremala, na mimi nauza samaki wakavu hapa Ifakara. Nasema hivyo mapema ili msomaji asidhani nilikuwa mjuzi wa mambo haya. Simu nilikuwa naijua kwa kazi mbili, kupiga na kupokea. Gemu niliziona kuwa upuuzi wa watu wasio na shamba.

Aliyeleta gemu nyumbani kwetu ni mwanangu, mtoto wetu wa pekee. Alimwekea baba yake gemu ya mpira kwenye simu, ile ambayo watu wawili wanaweza kucheza kila mmoja akiwa na simu yake. Jioni wakishafagia maranda karakanani, walikaa kwenye benchi moja wakacheza mpaka chakula kipoe. Mwanangu alicheza kwa kasi. Baba yake alicheza kizee, pasi nyuma, pasi pembeni, pasi nyuma tena, mpaka mtoto anakereka na kumwambia, "Baba, goli liko kule mbele." Baba yake anajibu kwamba mbao haipigwi randa kwa haraka. Nilikuwa nawafokea waje kula, lakini moyoni nilifurahi.

Kisha wakagombana. Mwanangu alitaka waachane na milango ya mbao wahamie kwenye aluminiamu, kwa sababu nyumba zote mpya za mjini zilikuwa zinawekwa madirisha ya aluminiamu, na hata kule kijijini Kisawasawa watu walikuwa wameanza kuulizia. Alisema kweli tupu, lakini aliisema mbele ya mteja. Baba yake akamwambia kwamba kazi ya kubandika vioo si ufundi. Mtoto akajibu. Baba akaongeza. Mwisho nikasikia, "Toka na hayo maaluminiamu yako, na usinipigie simu." Mwanangu ana hasira kama baba yake, na wote wawili wananizidi kidogo tu. Kesho yake alipanda basi la Dodoma, akapata kazi kwa fundi wa madirisha.

Alishika neno. Hakumpigia baba yake simu hata mara moja. Mimi alinipigia kila Jumapili, akauliza habari za samaki, habari za mvua, habari za jirani, ila baba mwenye nyumba hakumtaja. Lakini baada ya wiki kadhaa, jioni moja, simu ya mume wangu ililia ule mlio wa gemu. Ulikuwa mwaliko wa mechi kutoka kwa mwanangu. Mume wangu aliitazama simu muda mrefu. Halafu akabonyeza kukubali.

Tangu siku hiyo walicheza kila jioni. Hawakuandikiana neno, hawakusalimiana. Mwito ulitoka Dodoma, ukapokelewa Ifakara, wakacheza mechi moja au mbili, basi. Hakuna aliyevunja neno lake, kwa sababu kucheza si kupiga simu. Mimi nilikaa jikoni nikisikiliza vishindo vidogo vya ile gemu, na nilijua mume wangu yupo na mwanawe. Ndiyo mazungumzo waliyobakiza, na nililala vizuri kwa ajili yake.

Sasa lazima nieleze mashine ya kupasulia mbao. Inataka watu wawili. Mmoja anausukuma ubao kuelekea kwenye msumeno, mwingine anasimama upande wa pili anaupokea, anauvuta polepole na kuushikilia usawa mpaka mwisho wake upite. Anayepasua peke yake, ubao ukifika mwisho, mikono yake inalazimika kuufuata. Mpokeaji wa mume wangu miaka yote alikuwa mwanangu.

Ilikuwa wakati wa kuvuna mpunga. Mji ulikuwa umehamia mashambani, wengine Namawala, wengine ng'ambo ya mto huko Lupiro, na mtu wa kumpa kibarua alikuwa haonekani. Mimi nilikuwa uani nageuza kambale juani. Mume wangu akaniita kutoka karakanani, "Mama, njoo unipokelee mbao tatu tu."

Nilikuwa na donge langu. Tangu mtoto aondoke nilikuwa sijamwambia mume wangu kilichokuwa moyoni, na siku ile kikatoka chenyewe. Nikamjibu bila kugeuka, "Mwite mpokeaji wako uliyemfukuza."

Nikasikia mashine inawashwa. Ubao wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Kwenye wa tatu mlio ukabadilika. Nilipofika, mashine ilikuwa bado inazunguka na yeye ameukumbatia mkono wake wa kulia kwenye shati. Gumba lilikatika karibu na shina lake.

Wanasema hasira hasara, na mimi methali hiyo nimewatajia wenzangu sokoni mara nyingi sana, kwa sauti. Mume wangu hakunilaumu. Si hospitalini, si nyumbani, si siku moja. Angenilaumu ningepumua. Badala yake, siku tunarudi kutoka hospitali, akaniambia ndani ya bajaji, "Mwanao asijue."

Nikamuuliza kwa nini.

"Akijua, atajiona yeye ndiye aliyenikata. Atabeba hilo mpaka anazeeka. Usimwambie."

Nikaapa. Ningeapa lolote siku ile.

Wengi hawajui kwamba kucheza gemu kwenye kioo cha simu ni kazi ya magumba. La kushoto linamkimbiza mchezaji, la kulia linapiga pasi na mashuti, na vidole vingine vyote vinaishikilia simu tu. Kidonda kilipoanza kukauka, mwaliko wa jioni ulipoingia, mume wangu alijaribu. Simu ikamponyoka ikaanguka. Akajaribu kuiegemeza kwenye tofali na kugusa kwa kidole cha shahada. Wachezaji wake wakawa wanapiga mpira nje, mwanangu akafunga tano kabla ya mapumziko. Mume wangu akazima simu. Jioni zilizofuata, mlio ukilia, alikuwa anaigeuza simu kifudifudi kwenye meza na kuendelea kula kwa kijiko alichokishika kama mtoto.

Mwaliko ukalia kila siku kwa karibu wiki tatu. Jumapili moja mwanangu akaniuliza, na ilikuwa mara ya kwanza tangu aondoke kumtaja, "Mama, baba kaninunia tena?"

"Ana kazi nyingi," nikasema.

"Hata kazi nyingi zina jioni," akajibu, na akaaga.

Nilijua anachokiwaza. Uzi uliobaki ni mmoja, na baba yake anaukata. Na mimi nimeapa.

Pedi niliiona Lupiro. Nilikuwa nimekwenda kuchukua samaki, wavuvi wamechelewa, na mwendesha pikipiki aliyenileta alijilaza juu ya tangi la pikipiki yake kunisubiri. Mikononi alikuwa na kitu kama usukani uliokatwa vipande viwili, kimoja kulia, kimoja kushoto, na simu imebanwa katikati. Simu haishikwi kabisa. Viganja vinashika mipini, vidole vinabonyeza vitufe.

"Mwanangu, hicho ni nini?"

"Shikamoo mama. Hii pedi. Ya kuchezea gemu."

Nikamwambia marahaba, kisha nikamwomba nishike. Alicheka, akanipa. Nikashika kwa viganja na kuona kwamba mkono wa kulia unaweza kukaa pale hata bila gumba. Wavuvi walipofika sikubishana nao bei ya perege, na walinishangaa.

Nyumbani, mume wangu alipolala mchana, nikaipima simu yake. Nimeishi na seremala miaka mingi, nimemwona akienda kwa mteja na ufito, anaweka alama ya urefu, alama ya upana, alama ya unene, anarudi kutengeneza mlango unaoingia kwenye fremu bila kubishana. Ndivyo nilivyofanya. Nilichukua kijiti, nikachora alama tatu kwa kisu, nikakitia ndani ya kanga na kwenda kwenye duka la vifaa vya simu karibu na stendi.

Muuzaji alikuwa binti mwenye mtandio, mchangamfu. Aliniuliza simu ni ya aina gani. Nikatoa kijiti. Alikitazama kile kijiti, akanitazama mimi.

"Mama, tunachagua pedi au tunatengeneza kabati?"

Nikamwambia apunguze utani alete pedi. Akaleta aina tatu. Ya kwanza ilikuwa vibanio viwili tu vya kushika juu ya kioo, inasaidia vidole vya shahada, lakini magumba yanabaki na kazi yake. Nikairudisha. Ya pili ilikuwa na mipini, ila vitufe vyake vilikuwa bapa, vimelala ndani kama vichwa vya misumari iliyozamishwa. Nikakunja gumba langu la kulia nikalificha kiganjani, nikajaribu kuvibonyeza kwa kile kifundo kilichobaki. Sikuvifikia. Binti alianza kucheka, kisha akaona namna ninavyofanya, akanyamaza.

"Ni mgonjwa, mama?"

"Ni mume wangu. Hana gumba."

Akaizunguka kaunta, akakaa karibu yangu, akakunja gumba lake pia. Tukajaribu ya tatu wote wawili, mmoja baada ya mwingine, tukiwa tumekunja mikono pale dukani na wateja wakitushangaa. Vitufe vyake vilikuwa vimenyanyuka na vinabonyea kwa wepesi. Kifundo kilivifikia, si vyote, lakini vitatu kati ya vinne. Nikalinganisha na kijiti: urefu sawa, unene sawa. Nikaichukua.

Nilipoijaribu nyumbani kwa siri, haikuingia. Pedi ile ilikuwa na kichomeo cha kuingia kwenye tundu la chaji, na simu ya mume wangu ni ya zamani, tundu lake la namna nyingine. Nilikuwa nimepima simu kama mlango na kusahau kitasa. Mke wa seremala mzima. Niliketi kitandani nikalia, si kwa sababu ya pedi peke yake.

Jumapili nikasema kichwa kinaniuma, mume wangu akaenda misa ya kwanza peke yake na kuacha simu. Nilikimbia nayo dukani. Yule binti alikuwa amenitafutia nyingine, yenye mipini ileile na vitufe vilevile, lakini ya blutuzi, isiyohitaji tundu. Akaniunganishia, akafungua gemu kuhakikisha kwamba inakubali, maana alisema si kila gemu inakubali. Ikakubali. Nilifika nyumbani kabla ya waumini kutoka.

Nilipompa, mume wangu alisema, "Mimi si mtoto wa kununuliwa midoli." Sikubishana. Nikaiweka kwenye benchi la karakana, kati ya gundi na tupa, nikaenda zangu. Siku ya pili yake nikaona haipo pale. Siku ya tatu nikamkuta ameibana kwenye jiliwa, anaipima kwa jicho moja. Kile kitufe kimoja ambacho kifundo chake hakikukifikia alikuwa amekibandikia kipande kidogo cha mtiki, amekichonga na kukipiga msasa mpaka kikalingana na kidonda chake. Nikarudi uani kimyakimya nikamshukuru Mungu. Nilidhani tumemaliza.

Jioni ile mwaliko ulilia, akakubali. Nilisimama mlangoni na kikombe mkononi. Nilichokiona sikukitarajia. Mume wangu alikuwa anakimbia. Vitufe vile vilikuwa vyepesi kuliko kioo, na yeye alikuwa amekaa wiki nyingi na hamu, basi wachezaji wake wakapita pembeni, wakapiga krosi, wakapiga mashuti ya mbali. Alifunga la kwanza, la pili, la tatu. Alikuwa anatabasamu kwa namna ambayo nilikuwa sijaiona tangu mtoto aondoke. Kisha mechi ikakatika. Mwanangu alikuwa ametoka.

"Mtandao," mume wangu akasema.

Haukuwa mtandao. Kesho yake asubuhi, nikiwa sokoni, mwanangu alinipigia, na siku haikuwa Jumapili.

"Mama, nani anatumia simu ya baba?"

"Baba yako."

"Mama, mimi nimecheza na baba miaka mingapi? Baba hachezi vile. Kampa mtu simu acheze nami. Bora angekataa tu, kuliko kunitafutia mtu wa kunidhihaki."

Nilisema si kweli. Akauliza, kama si kweli, baba alikuwa wapi wiki zote zile na amejifunza lini kukimbia. Nilikuwa na jibu mdomoni, nikalimeza kwa sababu ya kiapo. Akakata.

Mwaliko haukulia tena. Jioni ya kwanza mume wangu alikaa na pedi mapajani akisubiri. Jioni ya pili vilevile. Ya tatu nikaona anahangaika na simu, nikamuuliza anatafuta nini, akasema, "Sijui mtu anamwalikaje mwenzake. Siku zote alianza yeye." Nikamsaidia kutafuta. Tukatuma mwaliko, mimi na yeye vichwa vyetu vimegusana juu ya kile kioo. Haukujibiwa. Akatuma kesho yake, na keshokutwa. Yule mtu aliyesema usinipigie simu alikuwa anabisha hodi kila jioni, na mlango umefungwa, na mwenye kuufunga hajui nani yuko nje.

Sikuweza kulitazama jambo hilo zaidi ya wiki. Nikatoka nyuma ya nyumba, kwenye rundo la mbao zinazokaushwa, nikampigia mwanangu. Nikamwambia asinikatize. Nikamwambia kwamba aliyecheza ni baba yake mwenyewe, kwamba anacheza na pedi niliyoichagua mimi, kwamba anakimbia kwa sababu vile vitufe ni vyepesi, na kwamba anatumia pedi kwa sababu gumba lake la kulia limekatwa na msumeno.

Nikasikia kelele za kazini kwake, mtu anagonga chuma. Nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza swali la mtu aliyekulia kwenye mashine ile, swali ambalo hakuna mwingine angelianza nalo.

"Nani alikuwa anapokea?"

Nilikuwa na majibu mawili ya kweli. La kwanza ni kwamba hakukuwa na mtu, na mtu huyo aliyekosekana angejijua. La pili ni kwamba niliitwa mimi nikakataa, lakini na hilo lingeishia palepale, maana angeuliza nilikataa kwa nini, na ningemwambia nini? Kwamba nilikataa kwa ajili yake?

Nikasema, "Mimi. Nilikuwa napokea mimi. Nilishtuka, nikauachia ubao."

"Mama." Sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine. "Mama, ubao hauachiwi. Mara ngapi nilikuambia usisimame pale? Kwa nini ulikwenda?"

"Nilitaka kumsaidia baba yako."

"Umemsaidia," akasema.

Nikamwomba, akija, asimuulize baba yake ilikuwaje, kwa kuwa mzee anaona aibu. Akakubali. Hakuaga. Jioni ile ile mwaliko ulilia, mume wangu akashika pedi kwa mikono miwili, na nilisikia vishindo vya gemu mpaka ugali ukapoa. Sikumfokea.

Siku hizi wanacheza karibu kila siku, na sasa wanapigiana simu pia. Mume wangu ndiye aliyevunja neno, akapiga yeye. Wanazungumzia mbao, wanazungumzia hata aluminiamu. Jumapili yangu imekuwa fupi. Ananisalimu, anauliza kama nina afya, anasema "haya mama," kisha anaomba nimpe baba. Nimejiambia mara nyingi kwamba ndivyo nilivyotaka, na ni kweli. Inaniuma hata hivyo, na sitajifanya kwamba haiumi.

Pasaka alikuja siku tatu. Mkono wa baba yake aliuona na, kama alivyoniahidi, hakuuliza ilikuwaje. Jumamosi Kuu wakaingia karakanani asubuhi, baba anasukuma, mwana anapokea, na mashine ikaimba kama zamani. Nilichemsha chai nikawapelekea. Nilipovuka kizingiti mwanangu akaniona, akanyoosha mkono mmoja kunizuia huku mwingine umeshika ubao.

"Mama, kaa hukohuko. Usisogee kwenye mashine."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anavyomwambia mtoto karibu na moto. Mume wangu akazima mashine, akamtazama, akanitazama.

"Mwache mama yako apite," akasema. "Kwani yeye kafanya nini?"

Mwanangu hakujibu, alikuwa ameniahidi. Wote wawili wakawa wananitazama mimi. Nikaiweka chai chini, pale pale kizingitini, nikawaambia wainywe kabla haijapoa, na nikarudi uani kugeuza samaki.